Kisenga Hakutoka Tanganyika

Mwaka 1946 watazamaji wa sinema nchini Uingereza waliletewa Mtanganyika mmoja aitwaye Kisenga. Walimwona kwanza London, kavaa suti, anapiga piano mbele ya Wazungu waliotulia kumsikiliza. Kisha wakamwona anarudi kwao, kijiji cha Marashi, baada ya miaka mingi ya Ulaya, kuwasaidia watu wake walioandamwa na malale. Filamu iliitwa Men of Two Worlds. Iliongozwa na Thorold Dickinson kwa rangi za Technicolor, wakati filamu nyingi zilikuwa bado nyeusi na nyeupe, na muziki wake ulitungwa na Arthur Bliss, mmoja wa watunzi wakubwa wa Uingereza wa enzi ile. Kipande kikuu cha muziki huo Bliss alikipa jina la kwetu: Baraza.

Kisenga hakutoka Tanganyika. Robert Adams aliyemwigiza alikuwa mzaliwa wa Guiana ya Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, katika pembe ya kaskazini ya Amerika ya Kusini. Mganga Magole, hasimu wake, aliigizwa na Orlando Martins wa Lagos. Marashi ni kijiji cha kubuni, na Walitu wanaoishi humo ni kabila la kubuni. Hata vidole vilivyosikika kwenye piano vilikuwa vya Eileen Joyce, mwanamke mzaliwa wa Australia. Dickinson alikuja Tanganyika kutafiti na kupiga picha, lakini vita vya dunia vilimvuruga, na sehemu kubwa ya hiyo Tanganyika ikajengwa upya ndani ya studio za Denham, nje kidogo ya London.

Mimi ni mtu wa Mponde. Swali lililonifikisha kwa Robert Adams lilinianza hapa hapa milimani, kabla sijalisikia jina lake. Ukitoka Mponde ukashika upande wa kusini, ukayaacha mashamba ya chai ya wakulima wadogo na kuingia wilaya ya Korogwe, utafika Vugiri. Kati ya 1935 na 1937 pale Vugiri palikuwa na makao ya mradi wa kutengeneza filamu. Filamu 35 zilitengenezwa katika miaka hiyo, na mbele ya kamera walisimama Waafrika. Kwa hiyo mwaka ambao Adams alikuwa akihangaika kupata nafasi ya dakika mbili katika filamu za London, huku Usambara watu walikuwa tayari wanaigiza. Yeye ana jina katika historia ya sinema ya Uingereza, ingawa ni jina dogo kuliko alivyostahili. Watu wa Vugiri hawana hata hilo. Nani hupewa kazi ya kuwa sisi mbele ya kamera, na kazi hiyo humfanya nini yeye na sisi?

Mradi wa Vugiri uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa sinema. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York, na ulezi ulikuwa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Msimamizi wa upigaji picha alikuwa Meja Leslie Notcutt, aliyewahi kuendesha shamba la mkonge. Mwenzake, Geoffrey Latham, alikuwa amesimamia elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16 kwa sababu ya gharama, na sauti hawakuiweka kwenye filamu yenyewe. Waliirekodi kwenye sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kuonyeshwa kwa Kiswahili leo, kwa Kisukuma kesho, kwa Kiganda au Kibemba wiki ijayo, kwa kubadilisha sahani tu. Santuri na picha mara nyingi hazikwenda pamoja. Hata hivyo lori la mradi lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likionyesha filamu viwanjani usiku.

Filamu hizo zilikuwa za mafunzo: safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kodi. Lakini kadhaa zilikuwa hadithi zenye wahusika. Gumu ni kijana wa shamba anayekwenda mjini na kuingia katika uhalifu. Ile ya benki ya akiba ya posta ina vibarua wawili wa shambani: mmoja anaufukia mshahara wake ardhini na mwizi anauchimbua, mwenzake anapeleka fedha zake posta na zinabaki salama. Haya si maonyesho ya ngoma mbele ya mgeni mwenye kamera. Mtu anaambiwa: wewe si wewe leo, wewe ni fulani, una fedha, una hofu, chimba hapa, usiitazame kamera, sasa rudia. Anayefanya hivyo anaigiza, hata kama hajapata kuingia jumba la sinema maisha yake yote. Na tofauti na Adams, aliyelazimika kukisia jinsi Mtanganyika anavyokaa, anavyoshika jembe na anavyosalimia wakubwa, watu wa Vugiri walikuwa na elimu hiyo mikononi na magotini.

Mwaka 1937 serikali za kikoloni zilikataa kuubeba mradi kwa fedha zao, ukafungwa. Notcutt na Latham waliandika kitabu juu ya kazi yao, na majina yao yanatajwa kila inapotajwa historia ya sinema Afrika. Aliyefukia fedha hatajwi, wala mwizi wake.

Turudi London mwaka ule ule wa 1935. Pembeni ya mto Thames, huko Shepperton, kampuni ya Alexander Korda ilikuwa imejenga kijiji kizima cha Kiafrika kwa ajili ya Sanders of the River, iliyoongozwa na ndugu yake Zoltan. Leslie Banks alikuwa bwana shauri Sanders, anayetawala mto mzima kwa hekima na bunduki. Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi London, alikuwa Bosambo, chifu mwaminifu kwake. Katika umati wa watu weusi waliojaza kijiji kile, wengine mabaharia, wengine wanafunzi waliohitaji shilingi, alikuwemo Mkikuyu mmoja aliyekuwa London kwa masomo na kwa kudai ardhi ya watu wake. Aliitwa Jomo Kenyatta. Alikuwemo pia Orlando Martins, na alikuwemo Robert Adams. Robeson baadaye aliikana filamu ile hadharani, akisema ilikuja kuwa sifa kwa ukoloni, jambo ambalo hakulikubali alipoingia kazini. Kenyatta alirudi kwao akaongoza nchi. Adams na Martins walibaki hapo hapo Uingereza, kwa sababu uigizaji ndio uliokuwa kazi yao.

Adams alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, akasomea ualimu, kisha akavuka kwenda Uingereza katika miaka ya 1920 akitafuta jukwaa. Jukwaa halikumtafuta yeye. Alifanya vibarua, na kwa kuwa alikuwa pande la mtu, akaingia kwenye mieleka akijulikana kama Tai Mweusi. Mwili ule ndio ulioonekana kwanza na waongozaji wa filamu. Katika Midshipman Easy ya 1935, filamu ya mapema ya Carol Reed, alikuwa Mesty. Katika King Solomon's Mines ya 1937 alikuwa Twala, mfalme katili anayepinduliwa, huku Robeson akiwa Umbopa, mrithi halali. Wanaume wawili weusi wenye akili kubwa wanagombea kiti cha enzi cha nchi isiyopo, Wazungu wakiamua nani anastahili. Mwaka 1938, katika kichekesho Old Bones of the River, alipewa Bosambo wa dhihaka.

Jukwaani alipata hewa zaidi. Mwaka 1936 alikuwa Dessalines katika tamthilia ya C. L. R. James juu ya Toussaint Louverture na mapinduzi ya Haiti, Robeson akiwa Toussaint mwenyewe. Hebu fikiria: asubuhi mtu anavaa manyoya ya chifu wa kubuni mbele ya kamera, na jioni nyingine anasimama kama jenerali wa watumwa waliolishinda jeshi la Napoleon. Mwaka 1938 BBC, iliyokuwa imeanza televisheni miaka miwili tu kabla, ilimpa uhusika mkuu katika The Emperor Jones ya Eugene O'Neill. Hakuwahi mtu mweusi kubeba tamthilia ya televisheni Uingereza kabla yake. Televisheni ya siku zile ilirushwa moja kwa moja na haikuhifadhiwa, kwa hiyo onyesho lile lilikwisha usiku ule ule. Mwaka 1947 alikuwa Mwanamfalme wa Morocco katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, na hapo tena alikuwa mweusi wa kwanza kuigiza Shakespeare katika televisheni ya Uingereza. Mtu mwenye rekodi hizi mbili angetakiwa kuwa na sanamu mahali fulani.

Mwaka 1944 alianzisha kundi la maigizo la watu weusi, Negro Repertory Arts Theatre. Naliona tendo hilo kuwa ufunguo wa maisha yake. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mlango wa sinema ya Uingereza ulikuwa na tundu moja tu la funguo kwa mtu wa rangi yake, nalo ni Afrika. Mwingereza mweupe angeweza kuwa daktari, mwizi, mfalme wa Denmark au karani wa benki. Mweusi aliyeishi London miaka ishirini, aliyezungumza Kiingereza kwa ufasaha, aliyepanda basi lile lile na kuhemea sukari ya mgao dukani kama wenzake, kwenye skrini alitakiwa atoke msituni. Hata Colonial Film Unit, kitengo cha serikali kilichoundwa 1939, kilipomtumia katika filamu fupi ya 1941, kiliipa jina An African in London. Mtu wa Guiana, raia wa himaya, akafanywa Mwafrika ili aonyeshwe kwa Waafrika jinsi London ilivyo njema.

Kwa hiyo alipoletewa Kisenga, nadhani alikubali kwa matumaini ya kweli. Huyu hakuwa Twala. Alikuwa msomi, mwanamuziki, mtu mwenye moyo uliogawanyika. Uhusika wa namna hiyo kwa mtu mweusi, katika filamu kubwa ya rangi, ulikuwa haujaonekana Uingereza. Hata hivyo majina ya Eric Portman, aliyemwigiza bwana shauri Randall, na Phyllis Calvert, aliyemwigiza daktari Mzungu, yalitangulizwa kabla ya la Adams. Vijana wetu wa kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, kabla hawajalipa kiingilio, huuliza swali moja: stelingi nani? Kwa filamu hii, hadithi inajibu Kisenga na bango linajibu vingine. Wamarekani walipoipokea waliipa jina Kisenga, Man of Africa, na jina jingine tena, Witch Doctor, kana kwamba hawakuweza kuamua kama wanauza shujaa au wanauza mganga.

Muswada ulizua ugomvi kabla kamera haijawashwa. Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi uliokuwa London, WASU, ulilalamika kwa Wizara ya Makoloni kwamba hadithi ile inawadhalilisha Waafrika. Ulikuwa na hoja. Katika hadithi, bwana shauri anataka kuwahamisha watu wa Marashi ili kuwaepusha na mbung'o. Magole anawazuia kwa hofu ya uchawi. Kisenga anamkabili, na Magole anamtangazia kifo. Msomi yule wa London, mwenye vitabu na piano, anaanza kufa kweli, anadhoofika kitandani kwa imani tu, mpaka muziki wake mwenyewe unapomrudisha. Ujumbe wa chini kwa chini ni kwamba ukimkwangua Mwafrika msomi utamkuta mwoga wa kale yupo palepale. Kazi ya Adams ilikuwa kuuigiza ujumbe huo na wakati huohuo kumlinda mtu aliyembeba. Hapo ndipo namwona fundi. Kisenga wake anajizuia. Hapayuki. Mwili ule wa mieleka umekunjwa ndani ya shati lililopigwa pasi, na fadhaa inaonekana kwenye mabega kabla haijafika usoni. Muswada unamtaka ashindwe na hofu, naye anaonyesha mtu aliyechoka kuwa daraja la wengine.

Kuhamisha watu kwa ajili ya mbung'o lilikuwa jambo la kweli Tanganyika. Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu katika makazi ya malale huko magharibi mwa nchi tangu miaka ya 1920, na Shinyanga palikuwa na kituo cha utafiti wa mbung'o kilichojulikana duniani, kikiongozwa na Charles Swynnerton mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dickinson hakubuni ugonjwa wala sera. Alichobuni ni sababu ya watu kukataa. Katika filamu, mwenyeji anayekataa amri ya serikali anakataa kwa kuwa amelogwa, au kwa kuwa mganga anatetea cheo chake. Hakuna mwenyeji mwenye hoja.

Sasa tazama Usambara katika mwaka huo huo wa 1946. Serikali ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa neno moja: matuta. Kila mkulima atengeneze matuta katika mteremko wake, asiyefanya atozwe faini. Wasambaa walikataa kwa miaka kadhaa, wakaandamana, wakashtakiwa, wakaendelea kukataa, na mwaka 1957 mpango ukavunjika. Mwanahistoria Steven Feierman aliyekaa huku na kuwasikiliza wakulima ameonyesha katika kitabu chake Peasant Intellectuals jinsi mabishano yale yalivyokuwa na mantiki. Walihesabu nguvu za kazi. Walihofia hatima ya desturi ya kuazimana mashamba, ambayo ndiyo iliyomwokoa maskini. Na walijadili kwa lugha ya kale ya siasa za Usambara: kubana shi, kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mtawala wa Kilindi, ukoo uliotawala Usambara, aliyeleta mvua na shibe aliiponya nchi. Aliyeleta amri za kuchosha watu huku njaa ikija aliiharibu. Kwa kipimo hicho walimpima chifu aliyekubali kuwa mkono wa Waingereza, wakamwona amepungukiwa.

Katika milima hii, basi, palikuwa na mchezo mzima wa kuigiza uliokuwa tayari: bwana shauri mwenye nia aliyoiona njema, mtaalamu wa kilimo, chifu aliyebanwa katikati, wanawake wenye majembe, vijana waliosoma wakibishana na wazee barazani, na kila mmoja akiwa na sababu zake. Ungempa Robert Adams nafasi gani humo? Angeweza kuwa chifu. Angeweza kuwa karani anayeandika barua ya malalamiko usiku kwa taa ya mafuta. Filamu hiyo haikutengenezwa, kwa sababu ilihitaji mwandishi anayeamini kwamba mkulima wa Mlalo anafikiri. Joyce Cary, mwandishi aliyesaidia kuandaa Men of Two Worlds na aliyesafiri na Dickinson kuja Tanganyika, aliwahi kuwa afisa wa utawala Nigeria. Aliiona Afrika kutoka kwenye kiti cha bwana shauri, na hadithi ikakaa kwenye kiti hicho.

Baada ya Kisenga mlango haukufunguka zaidi. Adams aliigiza Bigger Thomas katika Native Son jukwaani London mwaka 1948. Alisomea sheria, akarudi Guiana kwa kipindi, na mwaka 1959 alionekana kwa muda mfupi katika Sapphire, filamu juu ya ubaguzi wa rangi London. Alifariki 1965. Ninapoutazama mpangilio wa kazi zake, kilele chake kama mwigizaji wa filamu kilifika alipokuwa katikati ya miaka ya arobaini ya umri wake, na kilikuwa kilele cha kuwa Mtanganyika.

Waliomfuata walipita njia ile ile. Edric Connor wa Trinidad alikuwa chifu wa Afrika Mashariki katika West of Zanzibar ya 1954. Earl Cameron wa Bermuda alikuwa Daktari Karanja, Mkikuyu, katika Simba ya 1955, filamu ya Mau Mau ambayo stelingi wake alikuwa Dirk Bogarde. Orlando Martins alizunguka humo humo kwa miaka, mara chifu, mara mpagazi wa msafara, kabla ya kurudi Lagos. Kisa hiki kina uchungu wa pande mbili. Hawa walikuwa wasanii wa kweli walionyimwa kuwa Waingereza kwenye skrini ya Uingereza. Nasi tulinyimwa kuwa sisi.

Waigizaji weupe waliokuja Afrika Mashariki nitawapitia haraka, kwa kuwa habari zao zimeandikwa sana. Anthony Steel alipata umaarufu kama mhifadhi wa wanyama katika Where No Vultures Fly ya 1951, iliyopigwa Kenya. Virginia McKenna na mumewe Bill Travers walikwenda Kenya kuigiza Born Free ya 1966 pamoja na simba, na kazi ile ikageuza maisha yao. Mwaka 1984 walianzisha harakati za kutetea wanyama waliofungiwa, ambazo ndizo zilizozaa Born Free Foundation. Nawaheshimu kwa hilo. Ila filamu za aina hiyo zilifundisha ulimwengu kwamba katika nchi zetu mwenye sura ya kukumbukwa ni Mzungu na mnyama.

Mambo yalianza kubadilika Afrika Mashariki yenyewe, na taratibu mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, kwa kutumia kampuni ya Afrika Kusini, ilitengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo iliitwa Muhogomchungu, nyingine Chalo Amerudi, nyingine Meli Inakwenda. Stelingi alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Kawawa huyo huyo, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1962 na tena katika miaka ya 1970. Filamu zilikuwa za kikoloni na mafunzo yake ya kikoloni, lakini anayezungumza humo ni mtu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa, na jina lake tunalijua. Afrika Mashariki ina viongozi wawili wakuu waliopita mbele ya kamera, Kenyatta na Kawawa. Mmoja alipita kama sura katika umati wa Shepperton, mwingine kama mhusika mwenye jina. Kati yao ni miaka kama kumi na saba tu.

Uganda nako, Cyril Frankel alipiga Man of Africa mwaka 1953 huko Kigezi, bila nyota yeyote wa London. Frederick Bijuerenda na Violet Mukabureza ndio waliokuwa mbele. Filamu hiyo ilishindwa kupata mlango wa kibiashara Uingereza. Sioni ajabu. Mtazamaji wa kule alikuwa amezoeshwa kumtafuta Mzungu wa kumshika mkono na kumwingiza ndani ya hadithi.

Jambo moja la Vugiri halikufa, nalo ni ile sahani ya santuri. Sauti ya mwenyeji juu ya picha ya mgeni imeendelea hadi leo. Katika kibanda umiza, Lufufu, mtafsiri aliyevuma kutoka Dar es Salaam, alikuwa akiikaba filamu ya Kihindi au ya Kimarekani akaizungumza yote kwa Kiswahili, akibadili majina, akiongeza maneno ya uswahilini, mpaka stelingi wa Hollywood anageuka mtu wa Manzese. Notcutt alidhani santuri ni njia ya kupitisha mafunzo. Lufufu alijua kuwa anayezungumza ndiye mwenye filamu. Waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa wanafanya kinyume cha Denham: Denham iliwapa Watanganyika sura za watu wengine, na kibanda umiza kiliwapa watu wengine sauti za Watanganyika.

Leo njia ya Adams imepanuka, ingawa alama zake bado zinaonekana. Daniel Kaluuya alizaliwa London mwaka 1989 kwa wazazi Waganda, na mwaka 2021 alipata tuzo ya Oscar kwa Judas and the Black Messiah. Humo alimwigiza Fred Hampton, Mmarekani. Ameigiza Waingereza, Wamarekani, mpiganaji wa ufalme wa kubuni wa Wakanda, na hakuna aliyemlazimisha atoke msituni kwanza. Idris Elba, mzaliwa wa Hackney mwaka 1972 kwa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, yuko karibu zaidi na swali langu. Katika Sometimes in April ya Raoul Peck, ya 2005, alikuwa Augustin, Mnyarwanda aliyepoteza familia katika mauaji ya kimbari, na safari yake inamfikisha Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ambako ndugu yake anashtakiwa. Kwa mara nyingine Mwingereza mweusi amekuja kuwa mtu wa Maziwa Makuu. Tofauti ni kwamba Augustin anafikiri, anakosea, anajilaumu, na hakuna bwana shauri wa kumweleza maana ya maisha yake. Adams angempata Augustin angejua la kufanya naye.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Zanzibar imemtengea Elba ardhi ya karibu hekta 80 kwa ajili ya studio ya filamu. Wengi walishangilia, nami sipingi. Nina ombi moja tu kwa yeyote atakayejenga: vyuo vya waigizaji vitangulie kuta. Tunao watu. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, wakiigiza Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, kwa Kiswahili, Zanzibar yenyewe, na Tanzania ikaiwasilisha kuwania Oscar. Zanzibar ya filamu ile haikujengwa Denham.

Filamu chache za Vugiri zimesalia katika hifadhi za Uingereza, mojawapo ikiwa ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Sura zimo. Aliyekuwa na miaka mitatu mwaka 1935 leo amepita tisini, na huku milimani wazee wa umri huo bado wapo, Vugiri, Bungu, Bumbuli, Mponde. Baadhi yao huenda walibebwa mgongoni kwenda kuona lori la sinema, au walimwona baba, mjomba au shangazi akirudi nyumbani siku moja akisimulia kwamba Mzungu amemlipa achimbe shimo na kufukia fedha ambazo si zake. Kaeni nao jioni, muwaulize. Alikuwa nani aliyefukia? Nani alikuwa mwizi? Waandikieni majina, na ukoo, na kijiji, kabla baridi ya Juni ijayo.